Gemo: Waacholi Walivyojikinga na Ebola Mwaka 2000

Gemo ni nini?

Kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, gemo ni roho mbaya ijayo ghafla kama upepo na kuua watu wengi kwa muda mfupi. Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, wagonjwa wa mwanzo waliuguzwa kama wagonjwa wa maradhi ya kawaida, ndugu wakiwa wamewazunguka; lakini vifo vilipofuatana, wazee walitamka kuwa hii ni gemo, na neno hilo likabadilisha mwenendo wa vijiji.

Mwenendo ulibadilika vipi?

Gemo ikishatajwa, mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine kwa kiasi cha mita 100, asitembelewe na yeyote isipokuwa mtu aliyewahi kuugua akapona, ambaye ndiye humpelekea chakula na maji. Mabua mawili marefu ya matete husimikwa, moja kila upande wa mlango, na mpita njia akiyaona hapigi hodi. Watu huacha kutembeleana na kula chakula cha ugenini, ngoma husimama, na wanandoa hujizuia. Aliyepona hukaa peke yake mwezi mwandamo mzima kabla ya kuchangamana na wenzake. Anayefariki huzikwa pembezoni mwa kijiji na mtu aliyekwisha kupona au mzee, wala si shangazi, ambaye katika msiba wa kawaida ndiye huosha maiti.

Je, kitabibu kanuni hizi zina maana?

Zina maana kubwa, na ninaamini maofisa wa afya walipaswa kuwauliza wazee mapema zaidi. Virusi vya Ebola huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi au majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti, kwa hiyo kupunguza mikono inayomgusa ni kuukata mnyororo wenyewe. Aliyepona hubaki na kinga mwilini. Katazo la kujamiiana nalo lina msingi, ingawa mwezi mmoja hautoshi: virusi huweza kukaa katika shahawa kwa miezi mingi, na mwanamume aliyepona hushauriwa kutumia kondomu hadi vipimo vithibitishe kuwa havimo tena, au kwa mwaka mzima.

Je, kila desturi ilisaidia?

La. Kabla gemo haijatajwa, kugusa maiti na kunawa pamoja katika chombo kimoja msibani kulieneza ugonjwa. Hospitali nazo hazikunusurika: Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, huko Gulu, alifariki Desemba 2000 baada ya kuambukizwa, na mlipuko ulipokwisha watu 425 walikuwa wameugua, 224 kati yao wakafa.

Nikishuku Ebola nyumbani leo, nifanye nini?

Mtenge mgonjwa na uite wahudumu wa afya mara moja, kwa sababu maji na chumvi anazoongezwa kituoni huongeza nafasi yake ya kupona. Wakati ukiwasubiri, usimguse kwa mikono mitupu wala usifue nguo zake, na hata ndugu aliyewahi kupona asimuuguze bila glavu na vifaa vingine vya kujikinga.