Ni grafu, sawa. Nani kakulazimisha uichore?

Wiki hii nimeletewa tena ile picha. Nodi (yaani vidoti) elfu kadhaa, mistari imesokotana kama uzi uliochezewa na paka, na chini yake swali la jamaa kuhusu programu za kuchora data: "Kaka, ipi bora, Gephi au LodLive? Hii haionyeshi kitu."

Data ni ya waandishi, imetoka Wikidata, hazina huria ya data ambako kila kitu kina namba ya Q na kila sifa ina namba ya P. Nikaikuza picha. Katikati kuna nodi nene kuliko zote: Q5. Q5 ni "binadamu". Kila mwandishi ana mshale wa P31 ("ni mfano wa") unaokwenda hapo, kwa hiyo kazi yote ile imetutangazia kwamba waandishi ni watu.

Msimlaumu Gephi. Tatizo ni hii imani kwamba RDF, yaani data iliyoandikwa kwa kauli fupifupi za kitu, sifa na thamani, ni grafu, basi lazima ichorwe nodi na mistari. Neno lenyewe linatuponza. Grafu ya shuleni ina x na y, unaichora ili uisome. Grafu ya RDF ni namna ya kuunganisha kauli tu, hakuna aliyesema itazamwe. Hifadhidata ya kawaida imejaa majedwali, na sijaona mtu akiona dhambi kuitolea ramani!

Nilipombana, swali lake hasa lilikuwa: hawa watu walizaliwa wapi? Basi hiyo ni ramani. Kwenye Wikidata Query Service, ukurasa wa kuiuliza Wikidata maswali, unachukua P19 (mahali pa kuzaliwa) ya mwandishi, kisha P625 (nukta ya ramani) ya mahali hapo, juu unaandika #defaultView:Map, kwisha. Angeuliza wangapi kwa kila lugha, kuna COUNT na GROUP BY za kuhesabu kwa makundi, zimo kwenye SPARQL, lugha ya kuulizia data hii, tangu toleo la 1.1 la mwaka 2013. Swali likipita sekunde 60, seva inakukatia, punguza.

Programu zenyewe, harakaharaka. WebVOWL ni ya ontolojia, yaani mpangilio wa aina za vitu na mahusiano yao. Ukiibwagia data nzima usinililie. RelFinder ilikuwa tamu kwa kutafuta njia kati ya vitu viwili, ila ile tuliyoizoea ilisimama juu ya Flash, programu-jalizi ya zamani ya kivinjari, na Flash ilizikwa mwisho wa 2020. LodLive unaanza na kitu kimoja, unabofya, kinachanua: nzuri kwa kunusanusa, mbaya kwa kumwonyesha bosi. Gephi bila programu-jalizi haisomi RDF, unaipa CSV (jedwali la maandishi matupu) ya mistari kati ya nodi. Inafaa pale swali linapohusu miunganiko yenyewe, mfano nani kamwathiri nani (P737). Hata hapo, toa P31 kwanza.

Na hapa nikiri. Niliwahi kusimama mbele za watu nikieleza "kundi" la nodi lililokuwa juu kushoto, kwa kujiamini kabisa. Jioni nikaendesha upya ForceAtlas2, ile njia ya Gephi ya kupanga nodi, kwa data ileile: kundi limehamia chini, nusu yake imejitenga. Kushoto na kulia hazina maana yoyote kwenye picha zile, hilo nalijua. Umbali kati ya nodi niuamini kiasi gani? Mpaka leo nasitasita, na nimeacha kuuhubiri.

Jamaa kachora ramani yake. Kanirudia: "Kaka, mbona kuna waandishi wamerundikana jangwani Australia?" P19 yao imejazwa nchi badala ya mji, na P625 ya nchi ni nukta moja. Sasa anazirekebisha, mmoja mmoja.