Kaliba ya Bunduki ya Kwanza ya Kulungu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi hapa Iowa, Marekani, simu yangu huanza kuita. Wengi ni ndugu zetu Wakongo wa Cedar Rapids na Des Moines, na mara mojamoja Mkenya au Mtanzania. Swali ni lile lile: ninunue kaliba gani, yaani bunduki ya aina gani ya risasi, ya kuwindia kulungu? Kabla sijafungua mdomo, muulizaji ameshajibiwa na mtu kazini kwake, na sehemu kubwa ya aliyoambiwa si kweli. Siwalaumu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo wengi wetu tumekua bila kumwona mwindaji halali akifanya kazi yake.

Kwanza mnyama mwenyewe. Kulungu wa mkia mweupe si yule kulungu wa vichakani kwetu mwenye pembe za kudumu. Huyu ni jamaa ya ayala: dume hudondosha pembe zake kila mwaka na kuotesha mpya. Ana ngozi nyembamba na mbavu nyepesi. Si nyati.

"Chukua kubwa, kubwa haikosei." Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu nililiamini. Bunduki yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa ajili ya kuwinda jimbo jirani la Missouri, ilikuwa ya .300 Winchester Magnum. Teke lake, yaani pigo la bunduki begani inapofyatuliwa, ni zaidi ya mara mbili ya lile la .243 Winchester, kaliba ndogo zaidi. Baada ya risasi kumi hivi uwanjani, bega lilikuwa limevimba na mwili umeshajifunza kuogopa. Nilianza kufumba macho na kusukuma mtutu chini sekunde ile ile kidole kinapogusa kifyatulio, bila mimi mwenyewe kujua. Novemba nilimpiga jike tumboni badala ya nyuma ya bega. Nilifuata damu mpaka giza likaingia, nikarudi alfajiri, sikumpata. Yule mnyama aliteseka kwa sababu ya kaliba niliyoichagua kwa kusifiwa.

Ukweli ni kwamba kulungu hufa upesi pale risasi inapopita kwenye mapafu au moyo, na eneo hilo kwa mnyama aliyesimama ubavu lina upana wa kama sentimita 20 tu, sawa na sahani ndogo ya chakula. Risasi nyepesi ya .243 ikipita hapo inatosha. Risasi kubwa ya .300 ikipita tumboni haitoshi. Tabia ya kushtuka ikishaingia mwilini huchukua miezi kuiondoa, na kuna wasioiondoa kabisa. Kwa hiyo anza na bunduki ambayo utatamani kuifyatua tena. Mtu mzima mwenye kifua kipana naye anapigwa teke; .243 si "bunduki ya watoto na wanawake" kama wanavyosema.

Afrika Mashariki ina kisa kinachohusu jambo hili. Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona ndogo mno kwa mnyama kama huyo. Biashara ile ya pembe siisifu hata kidogo. Lakini Bell alisoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande. Asikuambie mtu kwamba kisa hiki kinaruhusu kumpiga mnyama yeyote kwa risasi ndogo. Kinachotuhusu ni kwamba alijua risasi inaelekea wapi.

"Risasi kubwa humrusha mnyama chini." Hiyo ni ya sinema. Msukumo unaomfikia kulungu hauzidi ule uliolipiga bega lako. Kama ungeweza kumrusha yeye, ungekurusha na wewe. Aliyepigwa barabara kwenye mapafu mara nyingi hukimbia mita 50 au 100 kisha akaanguka. Subiri kidogo, halafu fuata damu.

"Namba kubwa, nguvu kubwa." Hapana. .30-30 ya mwaka 1895, .30-06 iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, .308 Winchester ya 1952 na .300 Winchester Magnum ya 1963 zote hurusha kichwa cha risasi chenye kipenyo kile kile cha inchi 0.308. Zinatofautiana kwa ukubwa wa ganda na kiasi cha baruti. Namba ni jina. Na jina hilo ulisome lilivyochongwa kwenye mtutu, ulilinganishe na kisanduku cha risasi neno kwa neno. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye bunduki ya .223, na ukiifyatua bunduki hupasuka usoni mwako.

"Risasi nzito na ya polepole hupenya vichaka." Vijiti huipotosha risasi yoyote. Subiri mnyama atoke wazi.

"Risasi ni risasi." Zile za bei nafuu za mtindo wa kijeshi, zenye kichwa kilichofunikwa shaba kote, hutoboa tundu jembamba na kupita. Majimbo mengi yamezikataza kwa kulungu. Tafuta zenye ncha inayofunguka ndani ya mwili.

Sasa dhana inayoweza kukupeleka mahakamani: kwamba kaliba nzuri ni nzuri kila mahali. Colorado inadai kipenyo kisichopungua inchi 0.24, kwa hiyo .223 haikubaliki huko. Missouri, wakati wa msimu wa bunduki, ni huru zaidi. Hapa Iowa, kwa miaka mingi ilikuwa hasa bunduki ya marisawa (shotgun). Mwaka 2017 ndipo zikaruhusiwa bunduki za risasi zenye ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni. Ardhi yetu ni tambarare yenye mashamba na nyumba, na risasi hizo hazifiki mbali kama za .30-06. Ndiyo maana .350 Legend, iliyotoka 2019, imejaa madukani huku. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma za mwaka huu kabla ya kulipa. Na kama umezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972, Iowa inakutaka upite kozi ya usalama wa uwindaji kwanza.

Kwa anayewinda Iowa tu, jibu langu ni .350 Legend: teke jepesi, na inatosha kwa umbali wa misitu na mashamba yetu. Kwa anayevuka kwenda Missouri, .243 au 7mm-08; .308 akishaizoea. Nunua visanduku vitatu au vinne vya risasi siku hiyo hiyo. Weka sahani ya karatasi ya sentimita 20 umbali wa mita 50, kaa chini bila meza, piga tano. Zikiingia zote, rudi nyuma mita 25 upige tena. Pale ambapo moja itatoka nje ya sahani, huo si umbali wako mwaka huu, hata kulungu asimame vizuri namna gani.