Ziwa likipanda, si kwamba Jinja wamefunga bwawa

Kila maji ya Ziwa Victoria yanapoingia vibandani, pale mwaloni Kirumba, Mwanza, hukosi mtu wa kukwambia: "Waganda wamefunga bwawa." Maneno haya ni ya zamani, na yana chembe ya ukweli: ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Nile pale Jinja, Uganda, na tangu 1954 una bwawa.

Lakini tupige hesabu. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Hata Jinja wakiachia mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, mto mzima huo, ziwa hushuka kama milimita 3 kwa siku. Mvua moja nzuri ya usiku inarudisha zote na chenji juu.

Hapo ndipo kiini kilipo. Karibu asilimia 80 ya maji ya ziwa hutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito, pamoja na Kagera, inaongeza kiasi kidogo. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilipandisha ziwa zaidi ya mita 2. Mei 2020 likarudi kwenye kiwango hicho.

Kwa hiyo anayejenga ufukoni Igombe au Kayenze, huku Mwanza, asingoje simu ya Jinja. Awaulize wazee maji ya 1964 yalifika wapi, atazame alama za 2020, achimbe choo juu ya hapo. Zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka ziachwe bila kujengwa ni mwanzo tu. Kwenye ufuo tambarare maji huzivuka bila kupiga hodi.