Faini inaitwa rehema: ninayosoma kwenye magombo ya vijiji vya Uingereza

Watu wakiniuliza PhD yako inahusu nini, nikijibu wakulima wa Uingereza wa miaka ya 1300 wanacheka kwanza, halafu wanauliza sasa nani aliandika habari zao, si hata kusoma walikuwa hawajui? Swali zuri kweli. Aliyeandika ni karani wa kabaila, na aliandika kwa sababu moja tu, hela.

Iko hivi. Vijiji vingi vilikuwa ndani ya manori, yaani eneo la kabaila mmoja (anaweza kuwa lodi, askofu au hata nyumba ya watawa), na kila baada ya wiki tatu hivi wanakijiji wanaitwa barazani, msimamizi wa kabaila anakaa mbele, karani anaandika. Nani ng'ombe wake kaingia kwenye shayiri ya watu, nani kamtukana jirani, nani karithi shamba la baba yake, nani kaozesha binti. Yote kwa Kilatini, vifupisho juu ya vifupisho, kwenye ngozi za kondoo zilizoshonwa pamoja zikaviringishwa kama mkeka, ndo gombo lenyewe.

Siku yangu ya kwanza hifadhi ya nyaraka nimekaa na penseli (kalamu ya wino marufuku) naangalia ukingo wa kushoto wa gombo naona neno "mia" lina kijistari juu, mstari wa pili mia, wa tatu mia, nikajisemea hawa jamaa walikuwa wanatozana mia mia tu? Kumbe ni kifupisho cha misericordia, rehema kwa Kilatini. Mkosaji anasemwa yuko kwenye rehema ya bwana wake, na hiyo rehema bei yake ni peni (sarafu ya Uingereza) 2, peni 3, peni 6. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka mhudumu akanitazama.

Sasa kosa analofanya kila anayeanza, mimi nikiwemo, ni kusoma hizo faini kama orodha ya uhalifu. Chukua pombe. Ale, pombe yao ya nafaka, wakati ule ilikuwa haina hopsi (maua yanayosaidia bia isiharibike haraka), inachachuka siku chache tu, kama mbege, kwahiyo mwanamke akipika nyingi anabakiza ya nyumbani nyingine anauza kwa majirani. Sheria inataka bei ifuate bei ya nafaka na kuna waonjaji rasmi wa kijiji (kazi ya ndoto hiyo). Ukifuatilia jina moja unakuta mama yule yule katozwa kwa pombe miaka na miaka, kila kikao, kiasi kile kile. Huyo sio mkaidi jamani, hiyo ni leseni, analipa anaendelea na biashara. Na mara nyingi jina lake halipo, imeandikwa tu mke wa fulani.

Vingine ni tozo wazi kabisa. Mkulima asiye huru (aliyefungwa kwenye ardhi ya kabaila) akimwozesha binti yake kabaila analipwa, yaani wakati sisi tunawaza mahari iende kwa wazazi, kule mzazi au binti mwenyewe ndo anatoa hela kwa mwenye ardhi. Binti akipata mimba nje ya ndoa, tozo. Hata yowe lina hesabu zake: ukivamiwa unatakiwa upige ukunga majirani watoke mbio, asiyetoka anatozwa, na ukipiga bila sababu ya maana unatozwa wewe.

Halafu kuna kifo. Mpangaji akifa kabaila anachukua mnyama wake bora, na hapo ndo magombo ya 1349, mwaka wa tauni, yanatisha. Kule Walsham-le-Willows, Suffolk, kikao kimoja cha mwezi Juni mwaka huo kimeandika vifo zaidi ya 100: fulani kafa, ng'ombe kachukuliwa, mrithi ni mwanawe, mwana naye kafa, mrithi ni binamu. Mwandiko hautetemeki, karani anafanya kazi yake. Ila wasiokuwa na ardhi hawakuwa na cha kuchukuliwa kwahiyo hawamo, wala watoto, kwahiyo mtu akikwambia tauni iliua watu idadi fulani kijiji fulani muulize kwanza kahesabu nani.

Na tarehe nazo zina mtego wake. Karani anahesabu miaka ya utawala wa mfalme, na mwaka wa Edward wa Tatu unaanza 25 Januari, sasa kikao cha mapema Januari cha mwaka wake wa 22 (ulioanza Januari 1348) ni 1349, mimi nikaandika 1348, nikawa nimeua watu kwa tauni miezi kadhaa kabla haijashuka bandarini. Supavaiza wangu alichora duara jekundu moja tu, hakusema neno.

Baada ya tauni vibarua wakawa adimu, sheria ya 1351 ikajaribu kufunga ujira, mvunaji peni 2 kwa siku wiki ya kwanza ya Agosti, peni 3 ya pili. Watu hawakukubali. Mwaka 1381 walipoasi, sehemu nyingi walitafuta magombo haya wakayachoma, na walijua wanachofanya, maana ndo yalikuwa ushahidi kwamba baba yako hakuwa huru na wewe hauko huru.

Kinachonifurahisha ni kilichofuata. Miaka ya 1400 mkulima akipewa shamba, karani anamnakilia ule mstari wa gombo kwenye kipande cha ngozi, na hicho kipande ndo hati yake. Babu kachoma, mjukuu anaficha kwenye sanduku. Umiliki wa namna hiyo ulidumu mpaka 1 Januari 1926, na ni kwa sababu hiyo mawakili waliyatunza magombo karne zote hizo: historia hawakuwa na habari nayo, walihofia kesi za mashamba.