Ukimpigia mtu wa Msumbiji kutoka Mtwara, unakatwa kwa saa ya nani?

Ukiwa Kilambo jioni, kando ya Mto Ruvuma, simu yako inaweza kukushtua: saa iliyosoma 21:00 inarudi ghafla 20:00. Haijaharibika. Imenasa mnara wa Msumbiji, na simu nyingi huchukua saa kutoka kwenye mnara. Sisi Tanzania tuko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, wenzetu saa mbili. Jua halina habari na hilo: Mtwara na Palma ya Msumbiji zote ziko karibu na nyuzi 40 mashariki, kwa hiyo kunakucha karibu wakati mmoja. Tofauti hiyo imewekwa na serikali.

Huku kusini jambo hili linagusa mifuko. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili. Mtu ana shangazi Tandahimba na mjomba Mueda, na habari za misiba na harusi huvuka mto kwa simu. Sasa umejiunga bando la usiku linaloanza saa sita, na kwa mjomba bado ni saa tano. Unahesabiwa usiku au bado?

Ni usiku. Saa ya anayepigiwa haiingii kwenye hesabu. Bei ya usiku ipo kwa sababu mitambo hujengwa ibebe wingi wa simu za saa zenye msongamano. Watu wakilala, nafasi inabaki bure, na kampuni inashusha bei ili itumike. Nafasi hiyo ni ya mtandao wako, basi na saa ni ya mtandao wako.

Kinachoumiza ni zile namba za mwanzo, +258. Kampuni yako inailipa kampuni ya Msumbiji ili simu ifike kwa mjomba, ndiyo maana bando la ndani kwa kawaida halimfikii, uwe usiku au mchana. Kabla ya kuunganisha simu, mtambo unatenga kipande cha salio lako; mjomba akishapokea kinaanza kuliwa, kikiisha unatenga kingine, mpaka hakuna cha kutenga. Hapo ndipo simu inakatika neno likiwa mdomoni.

Kuna hali nyingine, na hii inaniuma zaidi. Kama laini yako imeruhusiwa kutumia mitandao ya nje, inaweza kuhamia mnara wa ng'ambo wewe ukiwa bado Tanzania. Mtandao wa ng'ambo unaandika kila simu kwa saa yake, pamoja na tofauti yake na Greenwich: 23:30, +0200. Kampuni yako ikisoma, inajua kwetu ilikuwa 00:30. Lakini bei ni ya mtu aliye nje, na mara nyingi hata kupokea unalipia. Mama muuza samaki anakatwa hela kama msafiri, na hajakanyaga hata kivuko.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, kisha chagua mtandao wako mwenyewe. Na ukiwa mtoni, kabla ya kubonyeza namba tazama saa kwenye kioo: ikiwa nyuma ya wenzako kwa saa nzima, usipige kwanza.