Muda wa Kijapani: kutoka kiwanda cha magari hadi meza ya mbunifu

Sisi tukisema muda, tunataja wakati. Mjapani akitamka neno hilohilo, anataja upotevu: kazi inayokula nguvu na fedha bila kumfaa mteja. Tunaofundisha usimamizi wa uzalishaji huanzia hapo, maana neno hili ndilo lililobeba fikra nzima kutoka karakana za Toyota hadi kwa waandishi wa programu.

Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika. Magari yalikuwa mengi, wanunuzi haba. Wafanyakazi wakagoma, na mwanzilishi wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Mhandisi Taiichi Ohno akaujenga mfumo wake katika miaka hiyo ya dhiki. Aliiga supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa baada ya mteja kuchukua bidhaa. Kiwandani, kadi ndogo iitwayo kanban ikawa ruhusa ya kutengeneza kipuri kingine. Bila kadi, hutengenezi.

Pamoja na kadi kulikuwa na kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro huivuta, kiongozi wa kundi huja, na tatizo lisipotatuliwa kazi husimama. Asili yake ni mtambo wa kufuma nguo wa Sakichi Toyoda, baba yake Kiichiro, uliokamilika mwaka 1924: uzi ukikatika, mtambo unasimama wenyewe. Naisisitiza kamba kwa sababu ndiyo huachwa. Viongozi wengi huchukua upande wa kupunguza gharama, wakasahau kumpa mtu wa chini mamlaka ya kusimamisha kazi. Huko ni kubana matumizi tu, na Ohno hakufundisha hivyo.

Mwaka 1988 John Krafcik, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha ubia wa Toyota na General Motors huko California, aliuita mfumo huu uzalishaji mwembamba, yaani usiobeba mafuta ya ziada. Wakati huo fikra ilikwisha kuvuka ukuta wa kiwanda. Mwaka 1986 Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walieleza jinsi kampuni kama Honda na Canon zilivyobuni bidhaa mpya: timu moja inasonga pamoja kama wachezaji wa raga, badala ya idara kupokezana kijiti. Katika miaka ya 1990 waandishi wa programu wakalichukua neno lao la raga, skramu, yaani wachezaji kushikamana na kusukuma pamoja, likawa jina la njia yao ya kufanya kazi kwa timu, na mwaka 2003 wataalamu wa programu Mary na Tom Poppendieck wakaonyesha sura ya kila upotevu wa kiwandani ndani ya programu.

Hapa ndipo penye ugumu. Kiwandani, vipuri vilivyorundikana unavikwaa kwa mguu. Kwenye kompyuta, kazi iliyoishia nusu haionekani, wala haionekani ripoti isiyosomwa au kitufe kisichobonyezwa na mtu. Ndiyo maana timu hubandika kadi ukutani: zinaufanya mrundikano uonekane.

Kisha kuna upotevu mkubwa kuliko wote, kutengeneza vizuri kitu kisichohitajika. Dawa yake ni kumpelekea mtumiaji kitu kidogo mapema. M-Pesa ni ushahidi wa karibu, ingawa sisemi kwamba waliiga Toyota. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, yakilenga wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, warejeshe mikopo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waandaaji waliliona hilo kwa watumiaji wachache, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangazwa.

Kwa hiyo taasisi inayoagiza mfumo wa kompyuta isisubiri miaka miwili ikabidhiwe kila kitu kwa pamoja. Iombe kipande kimoja kinachofanya kazi ndani ya wiki chache, kiwekwe mbele ya karani wa kaunta, na akisema hakimfai, kazi isimame hapo mpaka sababu ijulikane.