Kujipima Ujuzi na Mapendeleo ya Kazi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Hakuna anayeujua uwezo wangu kuliko mimi mwenyewe.

Ukweli: Mwaka 1982 watafiti Mabe na West walichambua kwa pamoja tafiti 55 zilizolinganisha jinsi watu walivyojipima na jinsi vipimo vingine vilivyowaonyesha, wakapata uwiano wa wastani wa 0.29 tu, ilhali kulingana kikamilifu kungekuwa 1. Mwaka 1999 wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning walionyesha jambo linalokaribiana na hilo: wanafunzi waliokuwa katika robo ya mwisho kwa alama za mtihani, ambao kwa wastani walikuwa wamewazidi asilimia 12 tu ya wenzao, walijidhania kuwa wamewazidi asilimia 62. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba waliofanya vizuri zaidi, wao walijishusha, kwa hiyo anayejidharau naye huenda anakosea.

Hata hivyo, si sababu ya kuacha kujipima. Mabe na West waliona pia kwamba watu hujipima kwa usahihi zaidi wanapojua kuwa majibu yao yatalinganishwa na kipimo kingine. Ndiyo maana swali kama "Je, mimi ni hodari wa kuandika?" halina faida kubwa, kwa kuwa linajibiwa na hisia za siku hiyo, afadhali mtu ajiulize ni ripoti ipi aliyoiandika mwisho, nani aliisoma, na ilirudishwa ikiwa na masahihisho gani. Kisha amwombe aliyefanya naye kazi ajibu maswali hayohayo bila kuona majibu yake. Pale majibu yanapotofautiana ndipo penye habari.

Dhana: Ninachokipenda ndicho ninachokiweza.

Ukweli: Mwanasaikolojia John Holland, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1959, aliyagawa mapendeleo ya kazi katika makundi sita: kazi za mikono na mitambo, za uchunguzi, za sanaa, za kuhudumia watu, za ushawishi na biashara, na za utaratibu wa kumbukumbu. Hojaji za mapendeleo zilizojengwa juu ya makundi hayo huonyesha mtu anavutwa wapi, wala hazipimi kama ataiweza kazi yenyewe. Yupo anayetunza hesabu bila kosa na kila jioni akaondoka amechoka rohoni. Ujuzi na mapendeleo viandikwe katika safu mbili tofauti.

Dhana: Kuna kazi moja niliyoumbiwa, nami sina budi kuitafuta mpaka niipate.

Ukweli: Utafiti wa O'Keefe, Dweck na Walton wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanaoamini kuwa shauku imekwisha kukamilika ndani ya mtu hupoteza hamu upesi jambo linapokuwa gumu. Shauku nyingi hukua kadiri mtu anavyozidi kulifahamu jambo.

Dhana: Ujuzi ni ule wenye cheti.

Ukweli: Aliyesimamia mazishi yaliyohudhuriwa na watu mia tatu amekwisha kupanga bajeti, kugawa kazi na kutuliza ugomvi. Na ayaandike.

Dhana: Nikishajijua, nimemaliza.

Ukweli: Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, alitaka mambo matatu: mtu ajijue, azijue kazi pamoja na masharti, malipo na nafasi zilizopo, kisha apime yote mawili kwa pamoja. Wengi huishia kwenye la kwanza, kwa kuwa hojaji hujazwa kwa nusu saa, ilhali kumhoji mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku kunahitaji miadi na subira.